Namna ya Kuizamia Great Northern Kabla ya Kuifikiria Pegasus

Vijana wanaokuja kwangu kutaka kuzamia mabaki ya meli hapa Unguja, karibu wote huanza na Pegasus. Nawaelewa. Hiyo ni manowari ya Waingereza iliyopigwa mizinga na Königsberg ya Wajerumani alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga mbele ya mji kwa matengenezo ya injini. Lakini imelala kwenye kina cha mita 40 hivi, na mimi simpeleki mtu huko kabla sijamwona anavyotulia kwenye Great Northern.

Great Northern ilikuwa meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Ilipanda mwamba karibu na mji ikazama mwishoni mwa 1902. Chini kabisa haizidi mita 12, kwa hiyo cheti cha ngazi ya kwanza, kinachokuruhusu kufika mita 18, kinatosha. Tena kina hicho kinakupa muda, na muda ndio unaokufundisha.

Kabla ya kukodi boti, tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mkondo unavuta na maji yanakuwa na vumbi. Ukiwa chini huoni hata mapezi ya mwenzako. Ngoja maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na umwambie nahodha akufikishe pale maji yanapokaribia kujaa, kabla hayajaanza kutoka. Hapo yanakuwa masafi na mkondo unalegea. Wakati wa masika, mvua zikishapiga mfululizo, ahirisha tu. Meli imekaa pale zaidi ya miaka 100, haitahama.

Sasa hesabu ya hewa, na hapa nakuomba usiharakishe. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Tuseme juu ya maji unatumia lita 20 kwa dakika. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza baa moja ya mgandamizo, kwa hiyo kwenye mita 12 ni baa 2.2, nawe unatumia lita 44 kwa dakika. Kwenye mita 40 ni baa 5: lita 100 kila dakika. Mtungi uleule, pumzi zilezile, lakini Pegasus inakumalizia hewa mara mbili na zaidi kuliko Great Northern. Juu ya hilo, nitrojeni ya kina kile inalewesha, na kompyuta ya kuzamia unayoivaa mkononi inakupa dakika zisizofika 10 kabla ya kukutaka usimame njiani kwa lazima wakati wa kupanda. Mtu akinifanyia hesabu hii kwa mdomo wake pale botini, najua tunaweza kuzungumza habari za kina.

Kwa Great Northern weka mipaka hii: ukifika baa 100 mwoneshe mwenzako na mgeuke, na mtoke majini mkiwa bado na baa 50.

Shuka kwa kufuata kamba ya boya, miguu chini. Ziba pua upulize taratibu tangu mita ya kwanza, usingoje masikio yaume. Yakigoma, panda kidogo ujaribu tena. Mwenye mafua abaki nyumbani siku hiyo.

Usitarajie meli iliyosimama wima na milingoti yake. Utakuta mabati, mataruma na vyuma vilivyolala mwambani. Elea juu yake kama mita moja, jaza hewa kidogo kidogo kwenye jaketi lako la kuzamia mpaka usipande wala usishuke, na piga miguu kwa pembeni kama chura, maana ukipiga juu na chini tope linatimka na kuwafunika wote walio nyuma yako. Glovu mimi nazikataza. Mwenye glovu hushika kila kitu, na vyuma hivi vina ncha kali. Humo pia wamo samaki wenye miiba ya sumu wanaojibanza ungedhani jiwe. Akikuchoma, pandeni kwa utaratibu, tumbukizeni kiungo kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hospitali.

Halafu acha kuzunguka. Chagua kipande kimoja cha bati kisichozidi urefu wa mkono wako, ukae nacho. Utaona safu ya vichwa vya ribiti, kila kimoja kama nusu ya gololi kubwa. Enzi za meli hii mabati hayakuchomelewa. Mafundi walipitisha ribiti za moto tundu kwa tundu na kuzigonga kwa nyundo. Matumbawe yameota juu yake. Ukielekeza tochi chini ya ukingo wa bati, huenda samaki aitwaye mkunga, mrefu kama nyoka, akakutolea kichwa, anafungua na kufunga mdomo. Hana hasira, ndivyo anavyopumua. Usimpe kidole.

Usiokote chochote, hata kipande cha kigae. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unahesabu mabaki ya aina hii yaliyokaa majini angalau miaka 100 kuwa urithi wa utamaduni, na unataka kwanza yahifadhiwe palepale yalipo. Mimi nasema zaidi ya hapo: chuma kilichozoea chumvi kikipandishwa nchi kavu bila wataalamu kinapasuka na kumomonyoka, ukabaki na kutu mezani. Na kwa Pegasus ni suala la heshima pia. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa katika mapigano yale, na makaburi ya wengi wao yako Chapwani, kisiwa unachokipita kwa boti. Nenda kayaone kabla ya kuomba kuzamia meli yao.

Kupanda: usizidi mita 9 kwa dakika, simama dakika 3 kwenye mita 5, sikiliza injini za boti kabla ya kutoa kichwa. Ukizamia mara moja tu, ngoja muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege. Mara mbili au zaidi, saa 18. Anayerudi Dar kwa boti hana haja ya kungoja.