Umeitwa kukimbia mbio kwenye chuo cha Marekani? Soma hii kabla hujasaini karatasi ya ajenti

Hii naandikia vijana wa Iten, Kapsabet, Kaptagat, na wale wa Mbulu na Arusha pia, ambao saa hii wameanza kupata meseji za makochi wa vyuo vya Marekani. Na wazazi wao, kwa sababu ng'ombe akiuzwa anauza mzazi.

Kwanza uelewe pesa iko wapi, maana ukijua hilo utajua kwa nini watu wamekuwa wengi hivi mlangoni kwenu. Miaka nenda rudi NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, walisema mwanamichezo wa chuo asilipwe, skolashipu yatosha, na huku makochi wanachukua mamilioni na pesa za TV zinaingia kila msimu. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, Suleiman Nyambui wa Tanzania akabeba mataji pale UTEP, chuo cha Texas mjini El Paso, na zama zao chuo kumlipa mkimbiaji ilikuwa mwiko. Sasa pesa ukiifungia mlango inapitia dirishani. Chuo cha SMU cha Dallas kilifungiwa msimu mzima wa futiboli ya Kimarekani 1987 kwa sababu wachezaji walikuwa wanalipwa kisirisiri, halafu Septemba 2017 FBI wakakamata makochi wasaidizi wanne wa basketi kwa hongo za kuelekeza vijana kwa mameneja, na 2019 ikatoka ile ya wazazi matajiri kuhonga makochi ili watoto wao waingie chuo kama wanamichezo na mchezo wenyewe hata hawachezi. Ukiangalia kesi zote hizo, mtu mzima ndiye alikuwa anapanga pesa kisirisiri, na mara nyingi kijana ndiye alipoteza nafasi. Mimi nasema wazi, anayetoa jasho alipwe, na alipwe kwa risiti.

Polepole imeanza. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 9 kwa 0 dhidi ya NCAA, Julai 1 mwaka huo huo wanamichezo wakaruhusiwa kuingiza pesa kwa jina na sura zao, na Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, ile wanamichezo waliyoishtaki NCAA, kwamba chuo kinaweza kugawia wanamichezo wake moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Hiyo milioni 20.5 ndiyo ajenti atakutajia. Wewe mwambie asante, halafu kumbuka mambo mawili. Moja, sehemu kubwa inaenda futiboli na basketi ya wanaume, riadha inabaki na makombo. Mbili, na hii ndiyo kubwa, wewe utakuwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Viza hiyo inakuruhusu kazi ya ndani ya chuo, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje bila kibali inaweza kukurudisha nyumbani. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo 2022 akiwa Kentucky, na bado matangazo ambayo wenzake walikuwa wanafanya hapo hapo mtaani yeye ilibidi asubiri timu iende Bahamas mwezi wa nane, ayafanye nje ya mipaka ya Marekani. Kama mchezaji bora wa nchi nzima alibanwa hivyo, mtu akikuahidi dili ya viatu ukifika tu, muulize viza inasemaje. Na usiposti tangazo la mtu yeyote hadi uongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako, hata kama ni la bure, hata kama ni la rafiki.

Sasa karatasi ya ajenti. Binamu yangu aliletewa moja hotelini, chapati na chai mezani, kurasa tatu, jina lake limeandikwa vibaya, na ukurasa wa pili katikati kabisa kuna mstari unasema ajenti atapata asilimia 15 ya thamani ya skolashipu kila mwaka. Tulipouliza hiyo pesa itatoka wapi na skolashipu inalipwa na chuo kwa chuo, jamaa akasema familia itafanya harambee. Kalamu alikuwa ameshaitoa. Tuliondoka, na chai tukalipa wenyewe.

Hii nataka uishike sana, kanuni za NCAA haziruhusu malipo ya ajenti yategemee wewe kupata skolashipu. Mtu anaweza kulipwa ada ya kutuma taarifa zako kwa vyuo, sawa, lakini akisema "ukipata nichukue asilimia" anahatarisha ruhusa yako ya kukimbia, na atakayesimamishwa ni wewe, yeye atatafuta kijana mwingine wiki ijayo. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipa ule mpango wa kupeleka watoto Finland wanajua uchungu wa kulipa kwanza na kuuliza baadaye.

Tena kazi nyingi ya ajenti unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua muda wako wa mashindano yanayotambulika, ule wa mashine na siyo wa saa ya mkononi, halafu mwandikie kochi imeli moja fupi: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, muda wako, gredi ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne Kenya), basi. Jisajili mwenyewe kwa ofisi ya NCAA ya kukagua wanamichezo wapya, nywila uishike wewe. Fanya mtihani wa Kiingereza. Fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, inatoka chuoni, haiuzwi na mtu. Ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350 na ya viza dola 185 zilipie kwa njia rasmi za serikali ya Marekani, risiti iwe na jina lako. Kochi yeyote akikuomba pesa, iwe ya "kushikilia nafasi" au ya nini sijui, huyo umemaliza naye.

Kochi wa kweli naye muulize bila aibu. Skolashipu ni nzima au nusu? Ni ya mwaka mmoja au hadi nimalize? Nikiumia goti mwezi wa pili inakuwaje? Bima na chakula cha likizo nani analipa? Zamani timu ya riadha ya wanaume iligawana skolashipu 12.6 na ya wanawake 18, siku hizi vyuo vilivyoingia makubaliano ya House vinahesabu watu, 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha, kwa hiyo pia uliza kama nafasi yako ndani ya hao 17 au 45 imeandikwa mahali. Majibu yaje kwa imeli. Ya simu yanapotea.

Na ujipange kwa kodi. Sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula inakatwa, kwa kawaida asilimia 14 kwa wenye F-1, na kijana asiyejua akiona bili ya chuo ina deni anafikiri kochi amemla.

Zawadi za mbio za barabarani na pesa za kuvuta wenzako kama pacemaker, andika zote kwenye daftari, tarehe na kiasi. Utaulizwa.

Kama tayari umesaini na mtu wa asilimia, usifiche. Piga picha kila ukurasa na kila meseji ya M-Pesa, tuma kwa ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, siyo kwa kochi peke yake, ueleze ulisaini lini na ulilipa ngapi, na ufanye hivyo ukiwa bado nyumbani, kabla hujakimbia mbio hata moja na jezi yao.