Anza na anayefunga geti: kulinda wafanyakazi wa kituo cha michezo

Nasimamia kituo cha michezo cha mtaa hapa Mtwara mjini, si mbali na uwanja wa Nangwanda Sijaona. Tuna kiwanja cha netiboli, meza mbili za pool, chumba cha bao na drafti, na televisheni moja ambayo Simba na Yanga zikikutana inageuza ukumbi kuwa stendi ya mabasi. Wafanyakazi ni sita. Watu wakiniuliza nilianzia wapi kuwalinda, wengi wanategemea niseme kamera. Kamera tunayo moja. Ilimrekodi vizuri sana kijana aliyeondoka na simu ya binti wa kaunta, na simu haikurudi.

Wewe anza na mtu wa mwisho kutoka.

Siku yoyote ya kawaida, saa tatu usiku, chukua funguo mwenyewe ufunge kituo vile vile anavyofunga mhudumu wako. Usisimame pembeni kuelekeza. Nilipofanya hivyo niliona aibu. Swichi ya taa za nje ilikuwa ndani ya stoo, nyuma kabisa. Kwa hiyo binti alikuwa anazima taa, anafunga stoo, halafu anatembea hatua hamsini na mbili gizani (nilizihesabu), anapita chini ya mwembe na mkoba wa mauzo kwapani, mpaka getini ambako komeo lilikuwa limepinda na linataka mikono miwili. Miaka minne alifanya hivyo na hakuna aliyemuuliza. Fundi umeme alihamishia swichi kando ya geti kwa siku moja. Tulikata matawi ya chini ya mwembe, tukanyoosha komeo, tukaweka taa ya sola juu ya nguzo kwa ajili ya usiku ambao umeme umekatika.

Baada ya hapo weka sharti kwamba hakuna anayefunga peke yake. Mmoja anahangaika na kufuli, mwenzake anatazama barabara. Simu awe nayo, ila macho yasiwe kwenye simu. Zamu ikiwa na mtu mmoja, fungeni saa kumi na mbili jioni, hata kama meza ya pool imejaa. Wateja watanung'unika, wazoee. Na safari ya nyumbani ihesabu kuwa sehemu ya kazi: tuna bodaboda wawili tunaowafahamu, namba za pikipiki zao zimeandikwa, na nauli ya usiku inatoka kituoni.

Pesa sasa. Msimu wa korosho, minada ikishaanza Oktoba na wakulima wakalipwa, mji unabadilika. Hela ipo, pombe inanywewa mchana, na watu wanawekeana dau kwenye pool. Punguza pesa taslimu. Bandika lipa namba getini kabisa ili hata mpita njia ajue hapa hakuna sanduku la kuvizia. Sisi droo haizidi elfu thelathini. Zinazozidi zinapelekwa kwa wakala mchana, saa zikibadilika na mpelekaji akibadilika.

Kisha waambie wafanyakazi wote wakiwa wamekaa pamoja: mtu akija na panga, mpe droo, na hutakatwa mshahara. Hilo la mshahara liseme kwa sauti. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi, nikaibiwa elfu arobaini, nikakatwa zote. Angerudi yule mwizi ningepambana naye kwa meno.

Kaunta igeuzwe ili mhudumu awe na mlango nyuma yake. Yetu ilikuwa imebanwa kwenye kona, na mlevi akisimama mbele binti hana pa kutokea. Ugomvi ukianza, usibishane na mtu mbele ya rafiki zake. Mlinzi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, anamuita pembeni, anamtania kidogo, anamuuliza amekula nini leo. Nimeona utani ukizima ugomvi ambao rungu lingeuwasha.

Pale utani unaposhindwa, tuna neno la siri. Mhudumu anasema, "Mzee, naomba ufunguo wa stoo ya juu." Stoo ya juu hatuna, jengo letu halina ghorofa. Akisikia hivyo mlinzi anasogea taratibu, na mwingine anatoka nje kupiga 112. Lazima mfanye mazoezi. Siku ya kwanza mzee alijibu kwa sauti kubwa, "Stoo ya juu ipi tena, mwanangu?" Ukumbi wote ukacheka. Tukarudia mara tatu.

Mengine ni ya kawaida lakini yanaumiza watu: magoli ya kuhamishika yafungwe kwa minyororo yasimwangukie mtu, nyaya zisitambae sakafuni, sanduku la huduma ya kwanza lisiwe na panadol tupu, na namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani nyuma ya kaunta. Haya si hisani ya bosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde watu wake.

Mwisho nunua kaunta buku. Kila tukio liandikwe siku, saa, mahali na kilichotokea, hata matusi. Baada ya miezi mitatu tuliona nusu ya vurugu zetu zinaanzia kwenye benchi moja nje ya dirisha la ukumbi, Ijumaa na Jumamosi. Benchi tukalihamisha. Kitabu nikakipeleka kwa mtendaji wa mtaa na polisi kata, na kwa sababu kilikuwa na tarehe na saa, walinisikiliza tofauti na nilipokwenda na malalamiko matupu.

Ukurasa wa juzi una mstari mmoja, mwandiko wa binti: "Saa 3:10 usiku. Taa ya geti haiwaki, tumetumia tochi, tulikuwa wawili." Fundi anakuja leo saa nane.