Kuchora ramani ya kuhara Nairobi kwa majibu ya simu

Dodoso nyingi za dalili huharibika kwa kuwasikiliza wagonjwa peke yao. Ukipata wanaohara 40 katika mtaa wa Kwa Njenga na 2 katika mtaa wa Imara Daima, bado hujui lolote mpaka ujue ni wangapi walijibu kwamba wako salama. Ujumbe wa kuuliza dalili, unaotumwa kila Jumatatu, basi uende kwa wote waliojisajili, na "Sina dalili" liwe chaguo la kwanza, la kubonyeza mara moja. Kama unatoa kredo, mpe kila aliyejibu. Ukiwapa wagonjwa tu, utashangaa Nairobi inavyougua.

Tumia USSD (menyu ya kupiga namba zenye nyota na reli) isiyomkata mtu pesa, maana mwenye mulika mwizi, simu ya kawaida, hana intaneti. Skrini moja hubeba herufi 180 hivi, na mtu akikawia laini hukatika, kwa hiyo maswali yasizidi 6. Umri na jinsia uliza siku ya kujisajili.

Swali la mahali ndilo gumu. Watu wengi hapa hawana anwani ya nyumba, na mtu anayeshinda soko la Gikomba hulala mtaa wa Pipeline. Uliza "Unalala wapi?": achague kwanza mojawapo ya maeneo bunge 17, kisha wadi (ziko 4 hadi 6 kwa kila eneo bunge, 85 kwa jumla). Usitegemee minara ya simu; hiyo hukuonyesha alipo saa hiyo.

Usiulize "Unaumwa tumbo?" Uliza: "Siku 7 zilizopita, umehara choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24?" Anayesema ndiyo aulizwe ilianza siku gani, kisha aelezwe papo hapo anywe ORS (maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na aende kliniki bila kukawia. Majibu yapange kwa siku ya kuanza kuugua, si siku ya kujibu, la sivyo kila Jumatatu itaonekana kama mlipuko.

Kabla ya kuchora, ondoa jibu la kwanza la kila mtu, kwani wengi hujisajili kwa sababu tayari wanaugua. Mwenye laini mbili hesabu mara moja. Kisha rekebisha uzito wa majibu kwa umri na jinsia kulingana na sensa ya 2019, ili kila kundi lihesabike kwa kadiri ya ukubwa wake. Vijana watakuwa wamezidi kati ya waliojibu.

Angalia idadi pia. Wagonjwa 2 kati ya 8 na 40 kati ya 160 wote ni asilimia 25, ila kiwango halisi cha kwanza chaweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 59, cha pili kati ya 19 na 32. Wadi yenye majibu chini ya 30 ipake kijivu cha "hatujui", kamwe si kijani cha "salama".

Data za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: omba ridhaa, na namba za simu zihifadhi kando na majibu.

Kiwango cha wadi kikipanda wiki mbili mfululizo, mpigie afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Usiandike "kipindupindu" kwenye ramani. Hilo huthibitishwa na maabara kwa kupima choo.