Pa kuishi baada ya kustaafu: hatua tulizofuata na shangazi

Shangazi ni mwalimu, anastaafu mwakani akitimiza miaka 60, na anahama Dar. Mafao ya mkupuo hayaji mara mbili, ndiyo maana naandika haya kwa walio njiani.

1. Anza na hospitali. Usianze na kwenu. Shangazi ana presha na sukari, kwa hiyo tulitafuta karibu na KCMC, Moshi. Wa Kanda ya Ziwa aangalie Bugando. Pakizidi saa moja kwa gari, pafute.

2. Panga nyumba kwanza. Kaa masika yote, Machi hadi Mei, uione barabara ikiwa na tope.

3. Hakiki kiwanja. Hapa ndipo muda wetu uliishia.

Kikiwa na hati, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ulipie upekuzi rasmi. Picha ya hati anayokurushia dalali WhatsApp haithibitishi chochote. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki. Tazama pia miaka iliyobaki, maana hati hutolewa kwa 33, 66 au 99.

Kama hakijapimwa, ulizia halmashauri mchoro wa mipango miji. Kiwanja alichokipenda shangazi, chenye miparachichi mitatu, kwenye mchoro kilikuwa eneo la shule, na jirani alishapaua. Mlipe mpima aje na GPS yake. Mimi siamini kabisa mipaka ya kuhesabu hatua. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na mto mita 60 kutoka ukingoni.

Kijijini, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Ardhi hugawiwa na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo omba muhtasari wa vikao vyote viwili. Shamba la marehemu? Mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kaka mkubwa akiapa vipi. Muuzaji mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzake kwa maandishi.

4. Lipa kwa benki, mkataba ukiwa umesainiwa mbele ya wakili.

5. Jenga ndogo. Shangazi alitaka vyumba vitano kwa ajili ya wajukuu. Tumekubaliana viwili, choo ndani, bila ngazi, milango ya kupitisha kiti cha magurudumu, na tangi la maji kabla ya dari ya jipsamu.