Kabla Hujainyanyua Land Cruiser: Pa Kuanzia Unapobadili Gari la Kiwandani

Wiki haipiti bila mtu kuingia gereji na Land Cruiser aliyoinunua juzi, akitaka jambo moja tu. "Shikamoo fundi. Nataka uninyanyulie gari likae juu, uweke na winchi ya kujivutia nikikwama, na bampa la chuma." Naitikia marahaba, kisha namuuliza: "Mdogo wangu, unakwenda nalo wapi, na utakuwa umebeba nini?" Wengi hunyamaza hapo. Wameona gari la mtu likapendeza, lakini hawajajiuliza lao litafanya kazi gani.

Nimemwandikia mtu huyo. Mfano wangu ni HZJ79, ile pikapu yenye injini ya 1HZ, kwa sababu ndiyo ninayoshinda chini yake hapa Arusha, na ndiyo utakayokutana nayo njia za Natron, Loliondo na Ndutu. Ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Tangu mabadiliko ya mwaka 1999, mbele inakalia springi za koili na nyuma springi za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kama wewe una Prado, Hilux au Defender, vipimo vitakuwa vingine, ila utaratibu ni huuhuu.

Kabla hujashika spana, elewa hili: kila unachoongeza kwenye gari kinahamishia mzigo mahali pengine. Tairi kubwa linaitwisha difu, yaani boksi la gia lililo kwenye ekseli, na breki. Bampa zito linazitwisha koili za mbele. Koili ndefu zinaharibu usukani. Kwa hiyo badili kitu kimoja, endesha wiki kadhaa, ingia chini ukague, ndipo uje kwenye kingine. Ukibadili vitano kwa siku moja na gari likaanza kutikisika, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 1: Liponye kwanza

Gari ambalo halijaguswa si lazima liwe zima. Ingia chini na tochi na nondo fupi. Chomeka nondo kwenye kila bushi, zile pete za mpira za kwenye maungio, uipinde kidogo. Mpira uliopasuka utauona unafunguka kama mdomo. Pandisha gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, vuta na sukuma. Likicheza, kuna beringi imechoka.

Kisha angalia mabakuli makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, pale ekseli inapokatia kona. Ukikuta uji mweusi unachuruzika hadi kwenye tairi, sili ya ndani imekufa, mafuta ya difu yanachanganyika na grisi. Hapo hakuna kuweka tairi kubwa mpaka sili, beringi na grisi viwe vipya.

1HZ inatumia mkanda wa taimingi, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Aliyekuuzia akisema "ulibadilishwa" bila karatasi, wewe hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na fedha zote ulizotenga kwa ajili ya springi zitaishia kwenye silinda hedi.

Hatua ya 2: Lipeleke kwenye mizani

Wengi wanairuka hatua hii. Jaza tangi, pakia kila kitu unachosafiri nacho, watu wakae ndani, uende kwenye mizani ya ghala la nafaka au kokote wanakopima malori. Pima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu gari zima. Andika. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari na kitabu chake.

Sasa piga hesabu ya unachotaka kuongeza. Maji lita 20 ni kilo 20. Dizeli lita 20 ni kama kilo 17 kabla ya dumu lenyewe. Bampa la chuma nene likiwa na winchi ya waya wa chuma linaweza kukaribia kilo 100, na zote zinaning'inia mbele ya ekseli, kwa hiyo koili za mbele zinabeba zaidi ya hizo kilo 100, kama mtu anayebeba ndoo kwenye ncha ya mti. Ukishaona namba hizi kwa macho yako, nusu ya orodha uliyokuja nayo utaifuta mwenyewe.

Hatua ya 3: Tairi, na zaidi ya tairi, presha

Kama una fedha ya kubadili kitu kimoja tu, kiwe tairi. Nyingi za pikapu hizi huja na 7.50R16 za tyubu. Ni ngumu na zinabeba, lakini pancha yake porini ni kazi ya jasho.

Watu hukimbilia 265/75R16 kwa sababu ni pana na inapendeza. Kipenyo chake ni milimita 804 hivi. Ile nyembamba, 235/85R16, ni milimita 806. Yaani urefu ni uleule. Kilichoongezeka ni upana tu. Na 265 inataka rimu ya inchi 7 kwenda juu, wakati 235 inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6. Pima rimu zako kabla hujalipa, na kama ni zile za vipande viwili za tyubu, usijaribu kuzifungia tubelesi.

Kwa matope yetu mimi nachagua 235. Kwenye udongo mweusi, tairi jembamba linakata utelezi wa juu na kutafuta pagumu chini, wakati pana linaelea na kukupeleka mtaroni. Kwenye mchanga mwingi pana lina faida, ila faida hiyo utaipata pia kwa kushusha upepo. Na ukienda 285/75R16, gari linapanda kwa milimita 14 tu, maana nusu ya kipenyo ndiyo inayonyanyua. Hapo tayari spidomita inadanganya kwa zaidi ya asilimia 3 na injini isiyo na turbo imeshakuwa nzito mlimani.

Soma pia namba ya mzigo ubavuni. 123 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,550. Usinunue tairi la gari dogo kwa sababu tu limetosha kwenye rimu.

Presha sasa. Nunua geji nzuri na kompresa ndogo ya betri kabla ya taa yoyote. Anza hivi: pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha saa moja kwa mwendo wako wa kawaida, pima tena. Kwa tairi za mzigo, ikipanda zaidi ya psi 6, ulianza na upepo mdogo; ikipanda chini ya hapo, ulizidisha. Baada ya safari tatu nne utakuwa na namba yako mwenyewe ya lami. Kwenye barabara ya changarawe yenye vituta mfululizo, kama ile ya kutoka Ngorongoro kushuka Serengeti, shusha kama robo na upunguze mwendo. Kwenye mchanga, au vumbi la majivu upande wa Natron, shuka hadi psi 18 au 20. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Na ukirudi pagumu, jaza. Tairi laini likikimbizwa linachemka na kupasuka ubavu.

Hatua ya 4: Pa kulishikia gari likikwama

Nilikuwa Simanjiro baada ya mvua, gari limezama hadi ekseli. Nikafunga kamba kwenye kile kijicho cha chuma chini ya chasisi ya mbele, nikijua ni cha kuvutia. Hakikuwa cha kuvutia. Ni cha kufungia gari lisitembee likiwa melini. Gari la pili lilipovuta, kijicho kiling'oka na kuruka na kamba. Kilipita kwenye kioo cha mbele cha gari lililokuwa linanivuta, upande wa abiria. Utingo wao alikuwa ameshuka dakika moja kabla. Nilikaa chini kwenye tope, miguu ilikataa kusimama.

Tangu siku hiyo gari haliondoki gerejini kwangu bila ndoano za kweli, mbele na nyuma, zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti zisizopungua daraja la 8.8, zikiwa na uzito wa kazi uliochapwa juu yake. Usichomelee kipande cha chuma chakavu. Usivute kamwe kwa lile tufe la kukokotea trela. Likikatika ni risasi. Kamba iwe ya kuvutia magari, tandika blanketi au koti zito katikati yake, na watu wote wakae mbali kupita urefu wa kamba yenyewe. Ongeza koleo, ubao mnene wa kuwekea jeki na shakeli mbili, zile pingu za chuma za kuunganishia kamba. Kwa fedha hii ndogo unatoka kwenye mengi ambayo watu hudhani yanahitaji winchi.

Hatua ya 5: Springi na shokabu

Sasa tunaweza kuzungumza habari ya kunyanyua. Rudi kwenye karatasi ya mizani. Springi huchaguliwa kwa uzito ambao gari linaubeba siku zote, siyo ule wa safari moja ya Desemba. Ukifunga nyuma springi za kubeba kilo 500 za ziada na ukatembea mtupu, gari litaruka kama mbuzi, na kwenye vituta magurudumu yatakosa kushika ardhi.

Milimita 50 zinatosha kabisa kwa kuanzia. Hata hizo zina gharama zake, kwa hiyo kagua haya siku hiyohiyo:

- Usukani. Koili zikirefuka, ekseli ya mbele inajiviringisha kidogo na usukani hauwi tena na hamu ya kurudi katikati. Gari linatangatanga kwenye lami. Kuna bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo; zifunge, kisha uende alaimenti.
- Paipu za mpira za breki. Acha ekseli ining'inie hadi mwisho, uangalie kama zimekazika. Zikikazika, weka ndefu.
- Valvu ya breki za nyuma. Hii mafundi wengi wanaisahau. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo iliyounganishwa na valvu inayosoma kimo cha gari. Ukinyanyua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati wewe umepakia. Lazima irekebishwe.
- Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Zikaze tena baada ya kilomita 500, na mara nyingine baada ya 1,000. Zikilegea, springi inateleza na senta bolti, ile ya katikati ya springi, inakatika.

Shokabu, zile za kutuliza mruko wa springi, nunua nzuri kuliko uwezo wako unavyokuambia. Kwenye vituta vya kutwa nzima shokabu dhaifu inachemka, mafuta yake yanatoka povu, na kuanzia hapo huna shokabu.

Hatua ya 6: Pumzi ya gari

Snoko, lile bomba refu la kuvutia hewa ya injini, watu huiweka kwa ajili ya maji. Kwetu huku kazi yake kubwa ni vumbi, kwa sababu inachukua hewa juu, mbali na wingu linalotimuliwa na magurudumu. Lakini snoko iliyofungwa vibaya ni hasara kuliko kutokuwa nayo.

Baada ya kuifunga, endesha siku mbili kwenye vumbi. Fungua paipu kati ya filta na injini, ingiza kidole kilichoviringishwa kitambaa cheupe, zungusha ndani taratibu, utoe. Kitambaa kikitoka na alama nyekundu au kijivu ya unga, kuna hewa inaingia bila kuchujwa. Usiwashe tena. Tafuta kwenye maungio: klipu iliyolegea, mpira uliokunjika, ukingo wa filta usiokaa sawa. Niliwahi kupokea injini iliyovuta vumbi kupitia upenyo ambao wembe ungepita kwa shida. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, moshi unatoka hadi kwenye kifuniko cha kujazia mafuta.

Kuna pumzi nyingine ambayo haionekani. Difu na giaboksi zina vitundu vya kutolea hewa. Ukitembea, difu inapata moto na hewa yake inatanuka. Ukiingia mtoni ghafla, inapoa, hewa inasinyaa, na difu inavuta chochote kilicho karibu. Kama kitundu kiko chini ya maji, au sili zimechoka, inavuta maji. Chukua paipu ya mafuta ya milimita 8, unganisha kwenye kila kitundu, ipandishe hadi chumba cha injini juu kabisa, weka filta ndogo mwishoni. Ni kazi ya nusu siku. Baada ya kuvuka mto, fungua nati ya kujazia difu uangalie. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamwage siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Bampa, winchi, taa

Hivi vinakuja sasa, kama bado unavihitaji. Winchi iwe na uwezo wa angalau mara moja na nusu ya ule uzito wa mizani. Taa zipitishie rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na fyuzi yake karibu na betri. Waya uliochomekwa tu kwenye nyaya za taa za kiwandani unaweza kuliunguza gari. Ijulishe bima yako kila badiliko kubwa.

Turbo kwenye 1HZ isiwe jambo la mwaka wa kwanza. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, na hedi yake haipendi joto kabisa. Anayekufungia bila geji ya joto la ekzosi, mkatalie.

Ukimaliza hatua yoyote, fanya safari fupi ukiwa umepakia kama kawaida: kwenda Engare Sero, kule Natron, na kurudi inatosha. Ukisimama, kabla gari halijapoa, zunguka na kiganja chako kwenye kitovu cha kila gurudumu. Yote manne yawe na joto linalokaribiana. Lile utakaloshindwa kuliwekea mkono ndilo utakaloanza nalo kesho asubuhi.