Kupatanisha Saa za Kompyuta Zote za Ofisi kwa Seva Moja

Saa ya ndani ya kompyuta ikiachwa peke yake hupotoka, mara nyingi sekunde moja au mbili kwa siku. Zikijumlishana, mambo huharibika. Kwenye Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), tofauti ikizidi dakika 5 Kerberos, yaani sehemu inayothibitisha watumiaji, humkatalia mtu kuingia hata kama nywila yake ni sahihi. Linaloniudhi zaidi ni logi, yaani kumbukumbu za matukio: seva zikipishana hata nusu dakika, huwezi kusema tukio lipi lilitangulia.

Dawa yake ni hii: seva moja iulize saa nje kwa NTP, itifaki ya kupatanisha saa kupitia mtandao, na kompyuta nyingine zote ziiulize hiyo.

Hatua ya 1. Chagua seva ya Linux isiyozimwa, yenye anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Sakinisha chrony, programu ya NTP.

Hatua ya 2. Fungua chrony.conf (Debian huiweka ndani ya /etc/chrony) uandike:

pool pool.ntp.org iburst
makestep 1.0 3
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10

Mstari wa kwanza huleta vyanzo hadi vinne. Usitumie viwili tu: vikipingana, hakuna wa kuamua. makestep huruhusu saa kuruka mwanzoni ikiwa imepotoka zaidi ya sekunde 1. Baada ya hapo hurekebishwa polepole, na hilo ni muhimu kwa hifadhidata, ambazo hazipendi kuona muda ukirudi nyuma. allow huruhusu kompyuta za mtandao wa ofisi kuiuliza. Mstari wa mwisho huifanya seva iendelee kutoa saa intaneti ikikatika, ili ofisi nzima ibaki pamoja.

Hatua ya 3. Ruhusu UDP 123, mlango unaotumiwa na NTP, kwenye ukuta wa moto, kisha anzisha upya chrony.

Hatua ya 4. Kwenye Linux nyingine weka "server 192.168.1.10 iburst" badala ya vyanzo vya nje. Kwa Windows isiyo kwenye domeini (kundi la kompyuta zinazosimamiwa na Active Directory):

w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Kukiwa na domeini, elekeza tu kidhibiti (seva inayosimamia domeini) chenye jukumu la PDC, yaani kile kikuu. Nyingine huchukua saa humo zenyewe.

Hatua ya 5. Hakiki, usikisie. "chronyc sources" ionyeshe ^* kando ya chanzo kinachofuatwa; ^? maana yake chanzo hakitumiki, na mara nyingi ni kwa sababu majibu hayafiki. Kwenye Windows, "w32tm /query /source" ikijibu Local CMOS Clock, mashine hiyo bado inajitegemea.

Na ukiona tofauti ya saa kamili, mathalani masaa 3 bila dakika za ziada, usiguse NTP. Rekebisha ukanda wa saa.