SOMO: Kuchagua pedali ya wah ya bei nafuu

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "Ninunue wah gani ya bei poa?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Jua unanunua nini. Wah ni kichujio cha sauti ya gitaa la umeme, unachokiendesha kwa mguu. Kinanyanyua sehemu ndogo ya masafa ya sauti, na mguu wako ndio unaoisogeza sehemu hiyo, takriban kutoka hezi 400 hadi 2,000 na ushee. Mzunguko wenyewe ni wa miaka ya 1960 na una vipuri vichache tu, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba wah ya bei ndogo haiwezi kulia vizuri. Kinachotofautiana zaidi ni uimara.

2. Amua: potenshiometa (kipinga cha kuzungushwa, kama kile cha kitufe cha volyumu) au mwanga? Kwenye Cry Baby GCB95 au Vox V847, kikanyagio kinasukuma reli yenye meno, reli inazungusha gia ya potenshiometa. Potenshiometa huchakaa, lakini inabadilishika. Za mwanga, kama Morley au Behringer Hellbabe, hazina potenshiometa ya kusuguliwa na mguu. Unaongeza au kupunguza mwanga unaofika kwenye kihisi. Ila baadhi zina springi: ukitoa mguu, inajizima. Kama unapenda kuiegesha katikati na kuiacha hapo ikupe rangi ya sauti, mtindo wa mpiga gitaa Michael Schenker, usichukue yenye springi.

3. Ukubwa. Ndogo inaokoa nafasi, lakini mwendo wa mguu ni mfupi.

4. Umeme. Nyingi ni volti 9, hasi katikati (yaani sehemu ya kati ya plagi ya adapta ndiyo hasi). Soma alama iliyo kwenye pedali kabla ya kuchomeka adapta.

5. Kagua iliyotumika. Hapa ndipo hela zinapopotea, soma polepole. Jaribu kwa sauti safi. Muuzaji akikuwekea distoshani (sauti ya kukwaruza) nzito, mwambie aizime, maana inafunika mengi. Piga nyuzi zote, ziache zilie, kisha peleka mguu taratibu kutoka kisigino hadi vidole. Ukisikia mkwaruzo, huenda ni vumbi, na spreya ya kusafishia kontakti itamaliza kazi. Mkwaruzo ukirudi palepale hata baada ya kusafisha, potenshiometa imelika. Toa gharama yake kwenye bei mnayoelewana. Sauti isipofika juu kabisa au chini kabisa, usikimbilie kusema mbovu: mara nyingi gia imeruka meno. Unafungua chini, unalegeza reli, unazungusha gia kidogo, unarudisha.

ONYO: kabla ya kugusa gia, weka alama ya kalamu pale meno yanapokutana. Na usiipange hadi potenshiometa igonge mwisho wake kabla mguu haujafika, utaivunja.

ONYO kubwa zaidi: usiweke potenshiometa yoyote eti kwa sababu imeandikwa 100k. Ya wah ina mpando wake maalumu, yaani jinsi ukinzani unavyobadilika kadiri unavyoizungusha. Ukiweka ya kawaida, mabadiliko yote ya sauti yatajibana kwenye kipande kidogo cha mwendo wa mguu, na kwingine kote utakanyaga bure. Tena mhimili wake lazima uendane na gia.

Mwisho kagua swichi iliyo chini ya vidole. Iwashe na kuizima mara nyingi. Kama lazima uirukie ndipo iwake, huenda ni nati yake tu inayotaka kurekebishwa kimo.

6. Mpangilio. Gitaa, wah, distoshani, ampu. Anzia hapo.

Maswali karibuni.

---

Nyuzi6: Maneno mengi mkuu. Taja moja tu nikanunue.

Mwandishi: Majina yapo kwenye hatua ya 2.

Nyuzi6: Nimesoma, bado sijajua ipi.

Mwandishi: Utaiegesha au hutaiegesha?

Nyuzi6: Nitaiegesha.

Mwandishi: Basi isiyo na springi. Ulisoma kweli?

besi_nzito: Ya gitaa naweza kuitumia kwenye besi?

Mwandishi: Swali zuri. Italia, lakini inakata masafa ya chini, na bendi nzima itaona besi imetoroka. Wah za besi zimetengenezwa kulinda sehemu hiyo. Ukiwa na kifaa cha kugawa na kuchanganya sauti, pitisha njia moja ikiwa safi na nyingine kwenye wah. Utashangaa.

Mgeni_tu: Betri imekufa usiku mmoja na pedali ilikuwa imezimwa!! Nimeuziwa kimeo?

Mwandishi: Uliacha waya kwenye jeki ya kuingilia. Kuichomoa ndiko kunakokata betri.

Mgeni_tu: Sasa mbona hukuandika?

Mwandishi: Somo ni la kuchagua. Ila sawa, sasa limeandikwa.

sauti_chafu: Wah yangu ikitangulia fuzz (pedali ya kuchafua sauti), mwendo wote unafinyika, mara inapiga mluzi. Kwa nini?

Mwandishi: Fuzz yako ni ya aina ya Fuzz Face? Hizo zina ukinzani mdogo sana pa kuingilia, kwa hiyo zinailemea wah. Jaribu kutanguliza fuzz. Au weka bafa (kisaketi kinachozuia pedali moja kuilemea nyingine) katikati. Hapo wah inapumua, ingawa ukizima wah, fuzz nayo haitaitikia volyumu ya gitaa kama zamani. Jaribu zote mbili, sikio lako liamue.

sauti_chafu: Nimetanguliza fuzz, mwendo umerudi wote. Asante! Nyongeza kwa wageni: msikanyage kila noti. Zibeni nyuzi kwa mkono wa kushoto, chezesheni mguu kwa mdundo.

Mwandishi: Kabisa. Sikilizeni mpiga gitaa Skip Pitts alivyompigia mwimbaji Isaac Hayes mwaka 1971, gitaa limegeuka ngoma.

besi_nzito: Na kikanyagio kinacholia kii-kii?

Mwandishi: Grisi kidogo kwenye ekseli. Usipulizie mafuta ovyo ndani, yakifika kwenye potenshiometa utarudi hatua ya 5.